Mashine ya Kukandia Nyuma ya Pazia

Mimi ni fundi wa kusuka mota. Karakana yangu iko Kizota, na kazi zinazonifikia pale ni nzito: mota za mashine za kusaga, pampu za visima, vitu ambavyo ukivinyanyua peke yako unajitafutia ngiri. Kwa hiyo mke wangu aliponiletea mashine ya mama yake ya kukandia misuli, kitu cha kushika kwa mkono mmoja, chenye kichwa cha mpira kinachogongagonga, nilicheka. Nikamwambia nitaimaliza kabla sijamaliza chai. Mashine ile iliniaibisha mara tatu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kwetu Makole kutoka kijijini, upande wa Chemba, kwa ajili ya bega. Bega la kulia lilikuwa limekaza, mkono haupandi kupita kifua. Daktari alisema akandwe kila siku jioni, na shemeji yangu akamnunulia mashine ile. Lakini kuliko bega, kilichomtesa ni kulala chini ya paa la mkwe wake. Kwetu Ugogo, kwa namna nilivyolelewa mimi, mama mkwe unamheshimu kwa mbali. Humtazami usoni, hamli pamoja, na habari za mwili wake hazikuhusu hata kidogo. Nilikuwa namwamkia nikiwa natazama sakafu, naye anaitikia akiwa anatazama dirisha. Siku ya kwanza tu alimwambia binti yake kwamba mkono ukinyooka, hatalala hapa hata usiku mmoja wa ziada.

Mara ya kwanza mashine ilikuja ikiwa ya moto hata kuishika shida, na inanuka ile harufu ya vanishi ya waya inayoanza kuungua. Nikaifungua, nikakuta vumbi. Ilikuwa Oktoba, na Dodoma mwezi huo hata ndani ya sahani iliyofunikwa utakuta vumbi. Nikapuliza, nikasafisha, nikaweka grisi mpya. Siku mbili, ikazima.

Mara ya pili nikakasirika. Niliwatukana waliotengeneza, watu nisiowajua na walio mbali, kisha nikachukua drili nikaiongezea matundu ya hewa ubavuni. Nilijiona mjanja sana. Siku nne, ikazima tena, safari hii mota imeungua kabisa. Nikabadilisha mota. Juma halikuisha, mke wangu akaiweka mezani tena, imezima.

Ufundi nilijifunza kwenye jengo la mawe la enzi ya Mjerumani, karibu na reli, kuta zake nene hivi kwamba nje jua linakaanga watu na ndani unatafuta sweta. Mwalimu wangu alipenda kutuonyesha vidirisha vyake vya chini na vya juu. Hewa ya baridi inaingia huku, ya moto inatokea kule, alikuwa akisema, na mota nayo iwekeeni njia hizo mbili. Nilimkumbuka nilipoifungua mashine mara ya nne, kwa sababu kwenye kifeni kidogo kilicho nyuma ya mota nilikuta nyuzi. Nyuzi za pamba, nyekundu na nyeusi, zimejisokota zikakikaba.

“Mama anaitumiaje hii?” nikamuuliza mke wangu.

“Si umuulize.”

“Mimi nimuulize?”

Akacheka, akaenda yeye. Aliporudi hakuwa anacheka. “Anaiviringisha kwenye khanga mbili,” akasema, “halafu anajifunika blanketi. Anasema inanguruma, na chumba chenyewe kina pazia tu. Hataki mkwe wake aketi sebuleni akisikia kwamba anajikanda mwili.”

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mama wa watu alikuwa akijifukiza chini ya blanketi mwezi wa Oktoba, bega linamuuma, ili kunitunzia heshima yangu, na mimi natoboa matundu ambayo yeye anayaziba kwa khanga. Nilimpenda sana siku ile, nasema wazi.

Nikamtuma mke wangu na ujumbe. Kuanzia kesho, saa kumi na nusu jioni, nikirudi kutoka kazini, nitafungulia redio kwa sauti yote. Sikio langu moja limeshaharibiwa na mashine za kusaga, na hilo jingine litakuwa na redio. Mashine isivishwe nguo. Ifanye kazi dakika kumi, ipumzike mpaka ipoe, kwa sababu joto la ndani ya mota huchelewa kutoka hata matundu yakiwa wazi.

Jibu likaja kwamba amekubali, ila hawezi kujua kama imepoa. Viganja vyake vimezoea kuepua sufuria bila kitambaa, moto mdogo havisikii.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Dakika kumi zikiisha, mkono wake wa kushoto ulitokeza pembeni mwa pazia ukiwa na mashine. Naipokea, napunguza redio, naipima kwa nyuma ya kiganja. Ikipoa namrudishia kwa njia ileile. Siku ya kwanza tulingoja, yeye akikohoa, mimi nikikohoa.

Siku ya pili sauti ikatoka nyuma ya pazia. “Mkwe, huko Kizota mvua bado?”

“Bado, mama.”

“Hata kwetu bado.”

Siku ya tatu aliniuliza nimekula nini mchana. Nikamwambia mihogo, akaguna, na kesho yake nikafungiwa ugali na mlenda wa kupeleka karakana. Basi maneno yakafunguka. Alinisimulia jinsi mke wangu alivyokuwa mtoto akala karanga za mbegu, akajificha ghalani siku nzima. Nami nilimsimulia habari za mama yangu, aliyefariki nikiwa bado najifunza kazi. Nilikuwa nimesahau utamu wa kuulizwa na mtu mzima kama nimekula. Nilianza kufunga karakana mapema, na wateja wakanung'unika.

Mashine haikuungua tena. Asubuhi moja mwezi wa Desemba, nikiwa natoka, nilimwona uani akianika blanketi kwenye waya. Mkono wa kulia ulipanda wote, ukavuka kichwa, ukatandaza pembe ya blanketi bila shida. Hakuniona. Siku nzima nilisuka waya vibaya. Fundi ambaye kazi yake imefanikiwa, nimenuna kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, nikijua kwamba nitakuta mzigo umefungwa mlangoni.

Nilirudi saa kumi na nusu. Mzigo haukuwepo. Nikafungulia redio, nikakaa, nikatazama sakafu. Baada ya dakika kumi mkono ukatokeza penye pazia, na safari hii ulikuwa wa kulia.

“Hebu angalia, mkwe. Imepoa?”

Nikaipokea, nikapunguza redio. Mashine ilikuwa baridi kabisa, haikuwa imewashwa. Nikaiweka mapajani na kuifunika kwa mikono yote miwili.

“Bado ina moto sana, mama,” nikasema.

“Basi tuingoje,” akajibu, na nikasikia kitanda kikilia alipokaa vizuri.