Saini ya Mwenye Nyumba

Miaka ile ya mamluki nilitoka Moroni kikazi, nikapanga Mutsamudu kwenye hoteli ndogo ya mtu na mkewe, vyumba vinne tu, ndani ya mji wa kale. Asubuhi nikinywa chai, akaingia mamluki mmoja, Mzungu. Akaweka karatasi mezani, akaigonga kwa kidole: jeshi linataka ghorofa ya juu, bwana atie saini.

Bwana alifuta miwani yake taratibu.

"Siwezi. Nyumba ni ya mke wangu, kaachiwa na mama yake. Mimi hapa mgeni, kama huyu." Akanionyesha kwa kidevu.

Hakusema uongo. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume huhamia na sanduku lake.

Mke akatoka jikoni, amejipaka liwa ya msandali usoni. Karatasi hakuigusa.

"Huyu mgeni wangu mmoja ananitosha kwa kelele," alisema, akimwonyesha mumewe. "Wako wapeleke kwa mama yako."

Mzungu aliangaza macho akitafuta mwanamume mwingine. Akaniona mimi, nikainamia kikombe. Akakunja karatasi yake, akaondoka.

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Kisha nikakumbuka kwamba nchi nzima mamluki walikwisha kuipata, na saini zote za kuwapa zilikuwa za wanaume. Wenye nyumba hawakuulizwa.