Kola ya Baba Gizani

Baba alikufa hajapiga picha ya maana. Alibaki kwenye mkanda mmoja tu wa video, akiimba besi na kwaya ya kijiji chetu cha Suji, kule milimani, siku ya mawingu, kanisa limejaa giza. Mkanda wenyewe ulishaanza kuota kuvu. Mama hakunificha: "Mwanangu, sura yake imeanza kunipotea."

Nilikuwa nimepunguzwa kazi kiwanda kilipobinafsishwa, natengeneza kompyuta Same mjini. Nikauingiza mkanda kwenye kompyuta, nikaubana kwa programu ya bure ili utoshe kwenye sidii. Kuta nyeupe zilitoka safi. Nyuso zetu je? Madoa! Baba akawa doa la tatu kutoka kushoto.

Programu ile iliandikwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na yeyote aliruhusiwa kuifungua akairekebisha. Nikaifungua. Kumbe ilidhani penye giza hakuna cha kutazama, ikawa inafuta. Nilibadili mistari saba ya maagizo yake, nyuso zikarudi, lakini video ikavimba, haitoshi tena kwenye sidii.

Nikaenda kwenye intaneti kuwaandikia wenye programu. Sisi huku huombi kitu kabla ya salamu. Nikawasalimia, nikawauliza hali za nyumbani, nikawaeleza mvua za vuli zilivyotutupa mkono, nikawapa pole ya kazi. Tatizo lenyewe lilikuja ukurasa wa pili.

Wiki tatu, kimya. Nilikasirika jamani! Hata "asante, salama"? Watu gani hawa?

Hasira zilipopoa nikaandika upya: picha ya doa, mistari yangu saba, swali moja. Niliona haya, kana kwamba nimeingia nyumba ya mtu bila hodi. Kesho yake jibu likaja, mistari miwili, bila salamu: kosa lako liko hapa, weka hivi. Nikaweka. Video ikatosha. Mistari yangu na yao ikaingizwa kwenye programu, itumike na yeyote.

Nikapanda Suji na kompyuta ya kuazima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, nionyeshe."

Baba akatokea, mdomo wazi, kola imefunguka upande mmoja. Mama akaruka kitini.

"Mbishi huyu! Si nilimwambia afunge kifungo? Nilimwambia pale pale mlangoni!"

Akaendelea kumgombeza, machozi yakimtiririka, mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema, "Rudisha nyuma, sijamaliza naye."