Ndege wa Kule

Jirani yangu hapa Kanyenye ni fundi wa mabati. Kila asubuhi anagonga debe kuukuu alinyooshe, na kila asubuhi mimi natoka mlangoni natazama juu. Mume wangu huniuliza naangalia nini. Kwelea kwelea, jamani! Hapa mjini mpunga uko kwenye magunia tu, lakini mtu aliyekulia kwenye kuamia ndege, kuwafukuza shambani kwa kugonga debe, akilisikia, shingo inageuka yenyewe.

Kwetu ni Kigwa, ng'ambo ya reli, ambako mbuga inatuamisha maji na watu wanalima majaruba ya mpunga. Mpunga ukianza kutia maziwa, hewa yote inanukia utamu mbichi, kama uji ambao haujaiva vizuri, na kwelea wanakuja kutoka sijui wapi. Wakitua, masuke yote yanainama. Wakiondoka, wamekuachia makapi. Mwaka mmoja walitumalizia karibu shamba zima, tukala mihogo hadi nikachukia hata sura yake. Baba alikuwa kibarua kwenye tumbaku huko Urambo, akirudi anapojaliwa. Basi msimu uliofuata mama akatamka wazi mbele yetu: mpunga ukipotea tena, dada yangu Yustina ataenda Kaliua kukaa kwa shangazi, maana kule hawalali njaa. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anachochea moto, na hakututazama.

Yustina alikuwa darasa la sita, mimi la pili. Nililala mgongoni kwake, nikavaa nguo zake, nikapigana kwa kutegemea ngumi zake. Kaliua, ambako treni ya Mpanda inaachana na ya Kigoma, kwangu ilikuwa mwisho wa dunia.

Wakati huo huo mwalimu wao alikuwa amewaambia kwamba huenda zipo dunia nyingine mbali huko, zenye majua yake. Yustina akauliza kama zina ndege. Mwalimu akasema hakuna anayejua. Dada akarudi nyumbani anarukaruka: "Kama hakuna anayejua, basi hakuna wa kunibishia!" Dunia yake hiyo hakuipa jina. Tuliiita Kule.

Tukipanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia ndege, tunakwenda Kule. Kule upepo hauachi kuvuma wala hakuna mti hata mmoja. Kwa hiyo wapo ndege wanaomeza mawe ili wasipeperushwe, wanatembea vifua mbele kama wanakwaya wanaoingia kanisani. Wengine hawatui maisha yao yote. Wanalala hewani, wanatagia hewani, na yai likianguka, kifaranga sharti apasue ganda na kufungua mabawa kabla ya kufika chini.

"Na akichelewa?" nikauliza, roho juu.

"Aliyechelewa hana wajukuu," akasema Yustina kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wote unaowaona Kule ni wajukuu wa waliowahi."

Mimi nilipenda mbwembwe. Nikamletea ndege mwenye mabawa sita, meno, na mkia wa dhahabu. Alinisikiliza kwa heshima zote, loo, kisha yakaja maswali. Anakula nini? Nani anamla? Hayo mabawa sita anayashibisha na nini? Ndege wangu akafa njaa pale pale, nami nikalia kweli kweli. Yustina akanionea huruma. Tukampunguza mabawa, tukambakizia mkia, ukawa wa kukingia umande.

Jumamosi moja tulizama Kule kiasi kwamba kwelea walitua upande wa pili wa shamba bila sisi kusikia. Mama alikuja kutuletea maji akawakuta wanakula. Aliwafukuza hadi khanga ikamdondoka, kisha akatugeukia anahema. "Hao ndege wenu wa uongo ndio watakaowalisha?" Akampeleka Yustina kwenye dungu la mwisho kabisa wa shamba, mimi nikabaki kwenye lile letu, ili tusipige soga tena.

Haukupita muda, nikasikia sauti ya dada inavuka majaruba, ananiita: "Kabulaaa! Yupo mwingine! Hana machooo!"

Nikaweka mikono mdomoni. "Chakula anakionajeee?"

"Kwa masikio! Analia, mlio unagonga kitu, unamrudia!"

"Analiajeee?"

Naye akalia. Siwezi kuwaandikia sauti ile. Ilikuwa kati ya mbuzi na breki za treni. Kwelea wote wa majaruba ya kati wakaruka.

Unajua, debe walishalizoea. Sisi tunagonga, wao wanakula. Lakini ndege asiyekuwepo duniani, mlio wake wangeuzoea lini? Kila siku Yustina alileta mwingine, nami namuuliza kwa kelele huku nakimbia juu ya matuta. Jirani yetu Baba Petro akalalamika kwamba kwelea wetu wanahamia kwake. Kesho yake na yeye akaanza kulia, mtu mzima na kofia yake kichwani! Yustina anamsahihisha kwa adabu: "Shikamoo Baba Petro! Huyo wako ana miguu mirefu mno, upepo wa Kule utaivunja!" Nilimtazama dada yangu, mwembamba vile, anawaendesha watu wazima kwa viumbe alivyovitoa kichwani mwake mwenyewe, nikaona hapajazaliwa mtu mwenye akili kumshinda. Mpaka leo sijabadili mawazo.

Mama alipita juu ya matuta, akaminya punje kwa kucha, akatazama, akasonga mbele. Punje zikawa ngumu, shamba likageuka njano. Jioni moja, siku chache kabla ya kuvuna, alisimama katikati ya mpunga. Mama yangu hapandishi sauti hata akiita kuku, lakini siku hiyo aliweka mikono mdomoni:

"Na mimi nina wangu! Ana mabawa mafupi!"

Watu wote mbugani wakageuka. Yustina, ambaye kwenye mambo ya Kule hakumwonea mtu haya, akauliza: "Kwa nini mafupi, mama?"

"Hahitaji kwenda mbali!"

"Kwa nini hahitaji?"

Mama akashika suke lililo mbele yake. "Kwao chakula kipo."

Mimi nilimwona ndege huyo hana maana. Hana rangi, hana mlio, hata kuruka ni shida. Nikangoja Yustina amkosoe kama alivyomkosoa wangu. Hakumkosoa. Aliketi juu ya dungu, akafunika uso kwa gauni lake, mabega yanatikisika, nikadhani anamcheka mama. Nikacheka na mimi nisije nikapitwa.

Miaka mingi baadaye, sekondari, mwalimu wa baiolojia alitueleza kwamba ndege wakikaa vizazi na vizazi mahali penye chakula tele na pasipo adui, mabawa yao hupungua. Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilinigomea. Mama hakuwahi kujua kuomba radhi kwa maneno ya hapa kwetu, akaazima ya Kule. Jioni ile alikuwa anamwambia Yustina haendi Kaliua, na dada yangu hakuwa anacheka.