Siku Ishirini na Sita za Utoro wa Babu

Shangazi yangu alikuwa na ombi moja tu: akifa azikwe Issuna, nyumbani kwa baba yake, ubavuni mwa mama yake. Baba mdogo, mtoto wa mdogo wake babu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo siku hizi, alikataa katakata. "Hapa hatuziki mtoto wa kuokota," alisema, tena mbele yake, mama wa watu ana miaka themanini na kitu! Nilitamani kumzaba kibao, ila baba mdogo ni baba, nikameza mate.

Kisa chenyewe ni hiki. Babu alichukuliwa na Mwingereza kwenda vitani, akafia ng'ambo. Habari ya msiba ilipofika, shangazi alikuwa bado ananyonya. Ukoo ukakaa ukahesabu: mwanaume ameondoka huu mwaka wa tatu, mtoto katoka wapi? Bibi akawaambia mumewe alikuja kwa kificho, akakaa siku chache, akarudi jeshini. Nani amsikilize! Alisema hivyohivyo mpaka anaingia kaburini. Marehemu baba yangu alikuwa mdogo mno wakati ule, hakukumbuka kitu.

Basi nikawaandikia barua pepe watunza nyaraka za jeshi la Mwingereza huko ng'ambo kuomba kumbukumbu za babu. Miezi ikapita nikakata tamaa, halafu siku moja zikaingia picha kumi na moja kwenye simu. Mwandiko gani ule, jamani! Kuku akiparua majivu ana nafuu. Lakini mimi nimekuwa mpiga chapa ofisini miaka mingi, nimesoma miandiko ya mabosi walioandika huku wanasinzia. Nitashindwa na karani wa jeshi? Nikazichapisha, nikakaa nazo mezani kwangu mjini, Utemini, na kioo cha kukuzia maandishi, nikanakili neno moja baada ya jingine kwenye daftari. Jina lake, la baba yake, la mtemi wake, la mkewe, yote sawasawa. Ni yeye!

Karatasi ya saba ikanichoma. Iliandikwa kwa Kiingereza kwamba babu alikuwa mtoro. Nilifunga daftari. Nilikwenda kumtafutia shangazi heshima, nimemletea aibu nyingine juu ya ile ya kwanza. Siku mbili sikuzigusa karatasi zile, na shangazi alipopiga simu nikamdanganya kwamba bado sijaelewa kitu.

Siku ya tatu nilikuwa jikoni nachambua mlenda, ndipo nikajiuliza: mtoro huyu alitorokea wapi?

Nikaacha mlenda palepale, nikarudi kwenye karatasi. Kumbe hakuvushwa bahari moja kwa moja kama sote tulivyoamini. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa kambini Tabora. Kuanzia mwanzoni mwa mwezi wa kumi hakuonekana kwa siku ishirini na sita. Akarudi mwenyewe. Alipohojiwa akajibu kwamba alikwenda nyumbani kumsaidia mke wake kuandaa shamba kabla ya mvua. Akachapwa viboko kumi na viwili, na mwezi uliofuata akapakiwa melini.

Nikahesabu kwa vidole. Kutoka mwezi wa kumi, miezi tisa, ni mwezi wa saba. Na Issuna nzima inajua, hata baba mdogo hajawahi kubisha, kwamba bibi alishikwa na uchungu akiwa uwanjani anapura uwele, kazi ya mwezi wa saba. Kifo cha babu kimeandikwa miezi michache baada ya hapo. Nilipiga kigelegele peke yangu, jirani akaja mbio kuuliza nani anaolewa.

Jumamosi nikawakusanya ndugu wote Issuna, shangazi akiwemo. Nilisoma polepole, kwa Kiswahili kisha kwa Kinyaturu, asije mtu akasema hakusikia. Baba mdogo akaniuliza mwezi mara tatu. Nikamjibu mara tatu. Akahesabu na yeye kwa vidole vyake, akarudia, vikamgomea kutoa jibu alilolitaka. Nilikuwa nafurahi mpaka naona haya.

Akanyanyuka, akaenda kuinama mbele ya shangazi. "Shikamoo, dada." Maisha yake yote hakuwahi kumpa shikamoo yule mama.

"Marahaba."

"Mahali pako ni pale, kwa mama. Nimekosa."

Shangazi wala hakutazama kule makaburini. Alinigeukia mimi. "Hebu soma tena pale pa viboko."

Nikasoma.

"Kumi na viwili?"

"Kumi na viwili, shangazi."

"Na alijua watamchapa?"

"Alijua. Na bado alirudi mwenyewe."

Alilia kwa sauti, nasi tukalia. Kisha akajifuta kwa khanga, akaomba fimbo yake, akatoka hadi njiani. Wanawake walikuwa wanatoka mnadani na vikapu vyao. Akawasimamisha, kifua mbele.

"Njooni msikie! Baba yangu alikuwa mtoro wa jeshi!"