Kiduha Tumboni mwa Ng'ombe

Shamba la Mhina kule Handeni lilikuwa safi hivi kwamba kuku akilivuka alitokea upande wa pili amekonda. Mgeni haingii mle mpaka akung'ute upindo wa nguo, aoshe miguu na jembe. Watu walimcheka, wakisema siku moja atainawisha mvua.

Lakini Mhina alimwona baba yake, kule Kerenge, akimalizwa na kiduha. Ni gugu la maua ya zambarau, linanyonya mahindi kwenye mizizi. Mbegu zake ni laini kama masizi. Upepo ukizichukua huzioni zikienda. Zikishazikwa zinakaa miaka na miaka, zinasikilizia tu mzizi wa muhindi upite jirani.

Mwaka huu udongo ulikuwa umechoka. Mavuno yalipokwisha, Mashavu mkewe akamwambia aite ng'ombe, wale mabua, walale shambani siku tatu waache samadi, kama wenzake wote.

Akaja Melubo, mfugaji wa Kimaasai, na ng'ombe arobaini.

"Jana walikuwa wapi?" Mhina akauliza.

"Kwa Simeo."

Shamba la Simeo lilikuwa zambarau msimu mzima. Mhina akachimba mtaro pa kuingilia, akaujaza maji ndoo kwa ndoo, akapitisha ng'ombe mmoja mmoja, kila ukwato akiusugua kwa gunzi. Kazi ya kutwa nzima.

"Mzee Mhina," Melubo akasema, ameegemea fimbo, "mama yangu mwenyewe hakuniogesha hivi."

"Na wewe vua hizo katambuga."

Siku ya nne ng'ombe wakaondoka. Mhina akapita kuitazama mali yake. Kwenye bonge moja la samadi akaona mbegu za tikiti, nzima kabisa, zinang'aa. Yeye hakuwahi kupanda tikiti. Simeo ndiye anayepanda.

Akachuchumaa pale pale. Kama ya tikiti ilipita tumboni isiguswe, ile ndogo kama masizi je?

"Mashavu, leta magunia."

"Tunaondoa tena samadi? Umerogwa?"

"Nimewanawisha miguu. Matumbo nimeyaacha."

Wakazoa. Lakini mende wa mavi walikwisha kuwahi. Walisukuma vidonge vyao huku na huku, kila mmoja akizika chake shimoni, kwa bidii ambayo vibarua wa Mhina hawakuwahi kuwa nayo. Kanga nao wakaja, wakaparura yaliyobaki. Yaliyokauka na kusagwa na kwato yakainuliwa na upepo.

Mhina akafukua shimo moja, akatoa kidonge. La pili, kidonge. Alipoinua kichwa, shamba zima lilikuwa na vishimo mpaka mpakani. Akaweka jembe chini.

"Masika tunapanda nini?" Mashavu akauliza, sasa hacheki.

"Mihogo. Mahindi hapana."

"Mpaka lini?"

Mhina alikuwa akitazama vumbi likivuka mpaka, kwenda kwa jirani wa chini.

"Baba alikufa akiuliza hivyo hivyo," akasema.