Maji ya Ijumaa

Mama mdogo Kristina hajui kutulia. Hata akiketi, mguu wake mmoja unachezacheza kama wa mtu anayesubiri kuitwa. Ataanza kumenya ndizi, ataziacha, ataenda kutazama kabichi, kisha atarudi kuuliza nani kaziacha ndizi. Naishi naye tangu nilipoacha shule darasa la tano, mama yangu alipougua, kwa hiyo nimemtazama sana.

Huku kwetu mlimani, juu ya mji wa Morogoro, anajulikana kwa kabichi zake na kwa watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, anaowafundisha kigangoni kila Jumapili. Hashiki fimbo. Mtoto akikosea, humwambia, "Haya, nenda ukakitengeneze ulichoharibu, kisha urudi tuimbe." Watoto wanampenda mpaka wanaiga anavyofunga kitenge, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kuanza kusali. Anayemwiga kuliko wote ni Esther, bintiye wa miaka minane.

Mwaka huu kiangazi kilirefuka. Maji ya mfereji wetu tunagawana kwa zamu. Sisi Jumanne, na Mzee Mikidadi, jirani yetu wa chini, Ijumaa. Mfereji unapita kwetu kwanza ndipo ufike kwake. Hakuna kufuli wala mlinzi. Mlango wa kila shamba ni jiwe na bonge la udongo, basi.

Jumanne moja maji yalikuja membamba kama uzi. Kabichi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kufunga, majani yakalala. Mama mdogo hakula siku ile. Siku zilizofuata alizunguka shambani kutwa, anagusa jani hili, anagusa lile, anaongea peke yake. Ijumaa, Mzee Mikidadi alipovaa kanzu na kushuka msikitini, mama mdogo alichukua jembe. Akaondoa jiwe letu, akalikandamiza katikati ya mfereji, maji yakageukia kwetu.

Esther alikuwa amesimama pale pale na kikopo chake.

"Mama, leo si ya babu Mikidadi?"

"Babu yuko msikitini. Yanapita bure tu. Nyamaza, usimwambie mtu."

Kabla watu hawajatoka kuswali alikuwa ameyarudisha, na nyayo amezifuta kwa tawi. Niliyaona yote nikiwa kwenye karoti. Na mimi nilinyamaza.

Jumapili somo lilikuwa amri ya saba, usiibe. Mama mdogo alifungua kitabu, akakifunga, akasema leo tunaimba. Wakaimba wimbo mmoja mara nne. Watoto wakaanza kutazamana.

Ijumaa iliyofuata hakushika jembe. Alilikimbia shamba kabisa, akashuka kijitoni kufua nguo ambazo alizifua jana yake. Kumbe Esther alimwona mama yake hana raha, akadhani ni kabichi. Alilibeba lile jiwe kwa mikono miwili, akaziba mfereji vizuri kabisa, ila bonge la udongo la mlango wetu hakujua kuliondoa. Maji yakajaa, yakabomoa ukingo, yakateremka moja kwa moja kwenye kitalu cha nyanya cha Mzee Mikidadi. Miche yote ikaenda na tope.

Nilipofika, mzee alikuwa amesimama kwenye matope, kanzu kaikunja mpaka magotini, na Esther mbele yake, tope mikononi. Mkewe, Bi Mwanaasha, alikuwa ameshika kiuno. Mama mdogo naye alikuja mbio, mikono ina povu.

"Shikamoo, mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Muulize huyu. Esther, nani kakufundisha kuziba mfereji?"

Esther alimtazama mama yake. Kisha akakohoa kidogo, kile kikohozi chenyewe, akasema bila kupepesa, "Nilikuwa nacheza, babu. Nilitengeneza bwawa."

Mzee alishusha pumzi. "Haya, mchezo ni mchezo. Mama Esther, mkanye mwanao, yaishe."

Yalikuwa yameisha kweli. Mzee alishageuka kuondoka. Mama mdogo alifuta povu kwenye kitenge, akafuta tena, mikono ikakauka akawa bado anafuta.

"Mzee, ngoja. Hakuwa anacheza. Kaniiga mimi. Ijumaa ile ulipokwenda kuswali, ni mimi niliyeyageuza."

"Ala!" Bi Mwanaasha alipiga makofi. "Jumapili mnatuombea, Ijumaa mnatukausha! Mwalimu mzima!"

Mzee Mikidadi aliutazama mfereji. "Na mimi maji yalipokatika nikasema ni fuko kachimba mfereji," akasema. "Wiki nzima namtegea fuko."

Hakuna aliyecheka. Kamati ya maji ilimnyima mama mdogo Jumanne mbili, na kabichi nusu zikakauka tukiziona. Jumapili alikifungua kitabu kwenye somo aliloliruka, akaanza na habari ya mfereji, mbele ya watoto wote. Esther aliinamisha kichwa.

Jumanne ya kwanza ya adhabu tulishuka na miche mipya kwenda kupanda kwa mzee. "Twendeni tukakitengeneze tulichoharibu," alisema mama mdogo.

Njiani Esther alimvuta kitenge. "Mama, na lile la bwawa? Wewe umesema lako. Mimi je?"

"Babu yule pale. Kamwambie mwenyewe."

Akaenda peke yake kati ya matuta. Tulimwona akisimama mbele ya mzee, mikono nyuma. Hatukusikia kitu. Mama mdogo aliushika mche mmoja mpaka ukanyauka mkononi, mguu ukicheza, akaniuliza mara tatu, "Amesemaje? Faraja, mbona mzee hajibu?"

Esther alirudi mbio.

"Babu kasema amempata fuko wake. Kasema fuko lazima apande miche kumi kabla ya kula."

Mama mdogo akapiga magoti kwenye tope, akaanza kumchimbia mashimo.