Kidole cha Ackerly

Katika timu ile ya mpira wa Kimarekani, pale Erie kando ya ziwa, kila mchezaji alikuwa na kadi ya sumaku kwenye ubao wa ofisi ya bosi. Nyuma ya kadi liliandikwa jina la aliyemleta. Mchezaji akiachwa, kadi ilirudishwa mezani kwa mtu huyo, bila neno. Verna Stokely, ambaye kazi yake ilikuwa kupima wachezaji wa kusajili, alikuwa tayari na kadi tatu zilizorudishwa, drooni mwake. Bosi, Dutch Haverkamp, alikwisha kumwambia: ya nne utaondoka nayo kwenda nyumbani, kazi imekwisha.

Ndipo lilipokuja jina la Desmond Ackerly.

"Ana miaka thelathini na mitatu, Verna!" Rizzo, kocha wa ulinzi, alisema huku akitafuna mkate wa samaki wa Ijumaa ya Kwaresima. "Huyo si beki, ni babu. Mara sita msimu uliopita walimpita wakafunga."

Ackerly alikuwa beki wa ndani, yule anayemkaba mpokeaji wa pasi aliye karibu na katikati, mwenye uwanja wa kukimbilia kulia na kushoto. Ni mahali pa miguu miepesi.

Verna alivuta mapazia, maana jua la Machi lilikuwa likimulika theluji, akawasha mkanda wa video wa mechi za Ackerly, akazima sauti. Miaka kumi na tisa ya kuendesha basi la shule, kabla ya kazi hii, ilimfundisha jambo moja: usimtazame mtoto anayepiga kelele, mtazame anayenyamaza. Basi hakuutazama mpira. Alimtazama Ackerly kabla mpira haujachezwa, mechi kwa mechi, siku tatu.

Siku ya tatu akakiona kidole. Kila mara Ackerly alimnyooshea beki wa nyuma yake: simama pale. Mwenzake alipotii, mpira haukurushwa upande ule kabisa, na hakuna takwimu inayohesabu mpira usiokuja. Mara sita mwenzake hakutii. Mara hizo sita Ackerly alimwacha mtu wake, akakimbilia pengo la mwenzake, akachelewa. Lawama zikamwangukia aliyekimbia.

"Na miguu?" Dutch akauliza, Verna alipowaeleza hayo yeye na Rizzo ofisini.

"Imechoka. Sikufichi. Mpe mkataba wa mwaka mmoja, usimpe wa miwili."

"Na ukikosea?"

"Niandalie sanduku la vitu vyangu. Ila jina langu liandike nyuma ya kadi yake kwa wino usiofutika."

Rizzo akaangua kicheko. "Mama huyu ana kichwa kigumu!"

"Na wewe una mayonezi kidevuni, kocha. Jifute kwanza."

Agosti, mechi ya mwisho ya majaribio, Ackerly alimaliza nusu nzima bila kugusa mpira.

"Mtu wako hajafanya lolote," Dutch alinong'ona.

Verna aliendelea kumkazia macho Ackerly. Robo ya tatu ya mchezo, kidole kikanyooka. Tolliver, beki chipukizi aliyekuwa nyuma yake, akasita, kisha akasogea hatua mbili kushoto. Mpira wa wapinzani ukamjia kifuani kana kwamba ulitumwa kwake, akaudaka. Uwanja mzima ukaliimba jina la Tolliver. Verna alikuwa akimtazama mwingine, ambaye tayari alikuwa akirudi mahali pake, mikono kiunoni, akihema kama mtu aliyepanda ngazi ndefu.

Asubuhi ya kuwaacha wachezaji, Verna alifika na sanduku tupu. Mezani pake hapakuwa na kadi.

Rizzo akachungulia mlangoni. "Tolliver amehamisha kabati lake la nguo akae karibu na babu. Umefurahi sasa?"

"Nitafurahi Januari, msimu ukiisha," Verna akasema. Akalisukuma sanduku chini ya meza kwa mguu, akawasha mkanda, akazima sauti.